Jembe la Wagika, Mkono wa Muha

Kisesa, Jumatatu 3 Juni

Leo natimiza miezi minane tangu niondoke Kasulu. Dorcas mke wangu, daftari hili ulinipa wewe stendi, ukasema niandike kwa sababu kwenye simu huwa nasema "salama" halafu nakaa kimya mpaka salio linakwisha. Mpaka sasa nimelitumia kama mto. Leo naanza, maana nina jambo ambalo ningekuambia kwa simu ungecheka: nimeingia kwenye ngoma.

Jana baada ya ibada nilikuwa mlangoni nafua. Akaja Chenge, huyu ninayefanya naye kazi kwenye machimbo ya mawe. Akasema, "Muha, kila Jumapili wewe na ndoo, ndoo na wewe. Umeioa?" Nikamfuata mpaka uwanja ulio nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga. Nikakuta watu wamejipanga mistari miwili inayotazamana, wanaume kwa wanawake, kila mmoja na jembe mkononi, na ngoma kubwa pembeni zinapigwa mpaka kifua kinaitikia.

Hii inaitwa bugobogobo. Zamani ilikuwa ya shambani tu. Wanakwenda kumlimia mtu, wapiga ngoma wanakuja nyuma yao, na mgongo unasahau kuuma. Siku hizi wanaicheza uwanjani, lakini jembe ni jembe kweli, limenolewa. Linarushwa juu, linazunguka hewani, na mwenzako wa mstari wa pili analidaka kwa mpini. Chenge akanirushia moja bila kuniuliza. Nililidaka. Nikamrudishia. Wanawake wakapiga vigelegele, na mimi, mtu mzima, nikajisikia kulia.

Manju wao anaitwa Luhende, ni fundi baiskeli. Ndiye anayetunga nyimbo na kuongoza. Alinishika bega, akauliza natoka wapi.

"Kasulu."

"Ahaa, Kigoma, mwisho wa reli! Basi wewe huna upande. Kuanzia leo ni Mgika."

Huku watu wa ngoma wako pande mbili tangu enzi za mababu, Wagika na Wagalu. Mavuno yakiisha wanashindana. Hakuna anayetoa maksi. Vikundi viwili vinacheza kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, hiki huku na kile kule, na watu wanakimbilia wanakopenda. Ukiachwa peke yako na vumbi lako, umeshindwa. Yetu ni Agosti, hapa hapa Kisesa, na Wagalu wa manju Machibya, kutoka upande wa Magu.

Jumapili 9 Juni

Mazoezi. Nimecheza mpaka viatu vimefunguka. Chenge ndiye mwenzangu wa kurushiana.

Jumatano 12 Juni

Kazi tu.

Jumatatu 17 Juni

Kuna baridi ya asubuhi sasa, upepo unatoka ziwani mkavu, unakata midomo. Kabla ya kuwasha mashine za kutoboa mawe tunakwenda kwa Mastura, mama wa Mkuyuni anayetuuzia chai na maandazi getini. Leo alituangalia akasema, "Nyie wanaume wa mawe, mbona wote mnashika kikombe kwa mikono miwili kama watoto? Mnaogopa nitakinyang'anya?" Tulicheka. Niliangalia, ni kweli, wote tulikuwa tumekumbatia vikombe.

Ijumaa 21 Juni

Dorcas, kitu kimenitia hofu. Asubuhi vidole vitatu vya mkono wangu wa kulia vilikuwa vimepauka, kama nimevichovya kwenye majivu. Nikaviuma. Sikusikia meno. Vilirudi jua lilipopanda, vikawasha kama pilipili. Nadhani nilivilalia.

Jumanne 25 Juni

Vimepauka tena. Sikuvilalia.

Jumapili 30 Juni

Leo tulikwenda kucheza kwenye harusi Igombe, kando ya ziwa. Wadudu wa ziwani walikuwa wameinuka juu ya maji kama moshi wa kuchoma nyasi. Tulikula samaki, tukacheza, bibi harusi naye akachukua jembe, gauni lile jeupe likawa la rangi ya udongo. Mama mkwe wake akapiga kelele, halafu akaingia mwenyewe. Nikafikiri, huu ndio utajiri wa watu hawa. Kwetu harusi ina spika kubwa, na kila mtu amekaa kwenye kiti chake anatazama. Hapa hakuna wa kutazama. Hata wanaotazama ndio hao hao wanaoamua nani mshindi.

Mayu Tereza (mayu kwao ni mama), ndiye mwimbaji wetu mkubwa na ndiye mwenye nyumba ninayopanga, alinifundisha kuinama vizuri. "Usiiname kama unatafuta shilingi. Inama kama unamlimia mama yako."

Ulinipigia jioni. Umesema maharage umevuna mwenyewe na umeniuliza narudi lini. Nikasema ngoma ya Agosti ikipita. Salio likaisha.

Jumapili 7 Julai

Lazima niandike yote, hata kama mkono umechoka.

Leo Jumapili imeangukia Sabasaba, tukafanya mazoezi mapema, jua halijawa kali. Mkono ulikuwa umekufa ganzi tangu nilipoamka. Niliusugua, nikaupulizia, nikaukalia. Nikasema ngoma ikiwaka utawaka nao. Tukaanza. Chenge akanirushia, nikadaka kwa mkono wa kushoto, wala hakuna aliyejua. Zamu yangu ilipofika nikarusha kwa wa kulia kama tulivyofundishwa. Lakini huwezi kurusha kitu usichokisikia. Niliona jembe linaondoka vibaya, upande, chini. Lilimkata Chenge juu ya mguu.

Si sana. Mayu Tereza alifunga kwa kitambaa cha kichwa chake. Chenge mwenyewe alikuwa anacheka, "Muha anataka kunilima!" Lakini ngoma zilikuwa zimenyamaza, na Luhende alikuwa ameokota lile jembe analigeuza geuza kama mtu anayekagua samaki kama ameoza.

"Jembe halianguki hivi hivi," akasema. "Muha, kuna nini?"

Nikasema ukweli. Unanijua, Dorcas, sijui kusema kingine. Nikasema mkono wangu unakufa ganzi asubuhi, nahisi ni mashine ya kutoboa mawe, inatetemesha mifupa siku nzima.

Watu wakatazamana. Nikadhani wananionea huruma.

"Umeanza lini?" akauliza Luhende.

"Mwezi wa sita, katikati."

"Kabla ya kuingia kwetu ulikuwa nao?"

"Hapana."

"Na mashine umeifanyia kazi tangu lini?"

"Tangu nimefika."

Akageuka kwa wenzake. "Mmesikia? Mashine ya miezi yote hiyo haikumfanya kitu. Kaingia kwa Wagika, mkono ukafa. Na ni ule ule wa kurushia."

Nikasema labda ulikuwa unaharibika kidogo kidogo. Mayu Tereza akanijibu kwa upole, kama anaongea na mgonjwa: "Mwanangu, dawa ya Wagalu ndivyo ilivyo. Ikikuingia inakutafutia na sababu, ili usiitafute yenyewe."

Halafu mtu mmoja nyuma akauliza, dawa hiyo imemfikia Muha kwa mkono wa nani? Maana dawa ya mkono hupita kwenye mkono. Na wote wakamtazama Chenge, aliyekaa chini na kitambaa mguuni. Manju wa Wagalu, Machibya, ni mjomba wake, kaka wa mama yake. Mwezi wa sita, katikati, Chenge alikwenda kwake msibani, akarudi. Na kila asubuhi machimboni Chenge hunipa mkono.

Chenge aliacha kucheka.

Jumatatu 8 Julai

Chenge hakunipa mkono leo. Nilinyoosha wangu, akaweka wake mfukoni.

Jumanne 9 Julai

Tumefanya kazi bila kusemeshana. Mashine inasaidia, huwezi kuongea hata ukitaka.

Alhamisi 11 Julai

Leo nilimfuata alipokuwa anakula. Nikamwambia, ndugu yangu, mimi sikukutaja.

Akasema, "Ungesema umelewa."

"Mimi sinywi."

"Ungesema! Nani angekuuliza? Mlevi akiangusha jembe wanamcheka, wanampiga faini ya soda, kesho anacheza. Wewe ukaleta mkono wako umekufa, wa kulia, katikati ya msimu wa ngoma, mbele ya Wasukuma. Ulitegemea waseme nini? Pole?"

Nilikuwa nafikiri ukweli ni ukweli kila mahali. Kumbe hata ukweli unatakiwa kujua umefika kwa nani.

Nikamuuliza wakimtoa kwenye ngoma kitatokea nini, si atatafuta nyingine? Aliniangalia kama nimeuliza swali la mtoto.

"Mama yangu ni mjane. Shamba lake analimiwa na nani? Hawa. Wanakuja na ngoma zao siku moja, jioni limekwisha. Nikitoka kwa kuitwa msaliti, hawaji. Akiugua hawaji. Akifa, Muha, nitachimba kaburi peke yangu. Na kwa mjomba siwezi kwenda, Wagalu nao hawamtaki aliyefukuzwa."

Nimeshindwa kumaliza ugali wangu.

Jumapili 14 Julai

Luhende ametoa hukumu. Hakumfukuza. Amesema Chenge na mimi tutabaki sisi wawili, tunatazamana, mpaka siku ya mashindano. Siku hiyo jembe likidakwa vizuri, basi Chenge ni msafi na maneno yamekwisha. Likianguka, ataondoka hapo hapo mbele ya watu wote, wa kwetu na wa Machibya.

Nikasema mimi najitoa, mnitafutie mtu mwenye mkono.

"Ukijitoa," akasema Luhende, "dawa imefanya kazi yake. Aliyeileta tutamjua hivyo hivyo."

Basi nimefungwa. Nikicheza naweza kumwangusha. Nisipocheza nimemwangusha tayari.

Jumanne 16 Julai

Baridi. Vinne sasa, na gumba linaanza.

Ijumaa 19 Julai

Nilikwenda zahanati. Nesi, dada mmoja mkali, alinibonyeza vidole, akanichoma na ncha ya kalamu, akaniuliza kazi yangu. Hata sikumaliza kumwambia. "Ni mtetemo wa mashine," akasema. "Damu haifiki vidoleni. Acha hiyo mashine, la sivyo utabaki hivyo." Nilitamani kumkumbatia.

Nikaenda moja kwa moja kwenye banda la Luhende, nikamkuta anaziba pancha. Nikamwambia yote. Alisikiliza bila kuinua kichwa. Halafu akauliza:

"Huyo nesi mwenyeji wa wapi?"

Sikujua nicheke au nilie. Nesi ni wa Magu.

Jumamosi 20 Julai

Nimemwambia nyapara anitoe kwenye mashine. Amesema wanaotaka mashine wamejaa getini, maana inalipa kuliko kubeba. Nimekubali kubeba. Nabeba kokoto kwa karai begani. Mabega yanauma, lakini yanauma, nayasikia. Sikujua kama maumivu ni kitu cha kufurahia.

Wenzangu wa mashine wameniuliza kwa nini. Nikasema mkono. Wote wakatazama pembeni, kila mmoja akawa na shughuli ya ghafla.

Jumatano 24 Julai

Umenipigia. Umeuliza tena lini. Nimekukaripia, Dorcas. Nisamehe. Sikuwa nakukaripia wewe.

Jumapili 28 Julai

Tulicheza tena Igombe, ufunguzi wa duka. Nilikwenda majini kuuchovya mkono, nikidhani ziwa lina joto kuliko upepo. Nyuma ya mawe makubwa nikasikia mtu anaimba. Alikuwa Luhende, peke yake, amewapa watu mgongo, anaimba kuelekea ziwani. Sauti yake ilipanda kidogo ikakatika. Akakohoa, akaanza tena. Ikakatika pale pale. Akaanza tena. Alikuwa ameshika koo kwa mkono, kama mtu anayesukuma gari lililokwama.

Nilirudi kwa kunyata. Nikamuuliza Mayu Tereza. Akaangalia kwanza kama kuna mtu karibu.

"Mwaka juzi watu walimkimbia. Mwaka jana wakamkimbia tena, akabaki anaimba mbele ya mbwa mmoja, na mbwa naye akaondoka. Mwaka huu akishindwa, Wagika wa Kisesa watachagua manju mwingine. Sauti yake nayo anasema ni Machibya."

"Na wewe unasemaje, Mayu?"

"Mimi nasema ana miaka sitini na anavuta sigara. Lakini usimwambie mtu sababu ambayo hana uwezo nayo. Mchawi unaweza kumtafutia dawa. Uzee utautafutia nini?"

Nilikuwa nimeanza kumchukia yule mzee. Leo nimeshindwa. Anaogopa kama mimi ninavyoogopa, tofauti ni kwamba hofu yake ina ngoma kubwa za kuipigia.

Alhamisi 1 Agosti

Mazoezi ya jioni, jua kali. Mkono ulikuwa hai. Nimerusha vizuri, Chenge amedaka vizuri. Alinikonyeza. Ni mara ya kwanza tangu Sabasaba. Kama mashindano yatakuwa kwenye jua, tutapona.

Jumapili 4 Agosti

Jua. Vizuri.

Jumanne 6 Agosti

Wingu limekaa upande wa ziwa.

Alhamisi 8 Agosti

Wingu lipo. Mastura anasema si la mvua, ni la upepo tu, litaondoka. Nimemuuliza litaondoka lini. "Kaka yangu, mimi nauza maandazi, si mtabiri wa hali ya hewa." Baadaye, nilipokuwa naondoka, aliniita, akanipa kipande cha kanga ya zamani. "Funga mkono wako, uwe na joto. Na Jumapili nitakuja. Nitasimama upande wenu hata nikibaki na yule mbwa." Kumbe habari imefika mpaka kwake.

Jumamosi 10 Agosti

Siwezi kuandika. Nimesali zaburi ile ya mama. Wingu.

Jumatatu 12 Agosti

Nimeomba ruhusa kazini. Nataka kuandika ya jana kabla watu hawajanibadilishia kwa masimulizi yao.

Niliamka vidole vyote vimepauka. Nilivifunga kwa kanga ya Mastura, nikavitia kwapani, nikanywa uji wa moto, nikasimama karibu na jiko la Mayu Tereza mpaka akanifukuza. Mchana upepo uliongezeka. Jua halikutoka hata kidogo.

Uwanja ulijaa kuanzia barabarani mpaka kwenye michikichi ya... hapana, hiyo ni ya kwetu, hapa haipo, naandika kwa haraka. Mpaka kwenye mikatani. Watu wa Kisesa, wa Magu, wengine walitoka mjini kwa pikipiki. Wagalu walikuwa upande wa kaskazini, wamevaa njuga miguuni, na Machibya mbele yao amevaa ngozi, mfupi, mnene, anatabasamu kama mwenye duka. Alipomwona Chenge alimpungia. Chenge alitazama chini. Hata salamu ya mjomba ilikuwa ushahidi.

Ngoma zikaanza, zetu na zao pamoja, mpaka hujui moyo wako unafuata ipi. Mwanzo watu waligawanyika. Tukalima, tukainama, tukazunguka. Luhende akaimba, na sauti ikapita pale inapokatikia. Niliona Mayu Tereza amefumba macho kwa shukrani. Halafu Wagalu wakafungua sanduku, wakatoa chatu.

Dorcas, watu walituacha kama maji yanavyoiacha beseni iliyopinduliwa. Wanakimbia, watoto mbele, kina mama wameshika viatu. Walibaki Mastura, wazee wachache wasioweza kukimbia, na kundi la wenzangu wa machimboni waliokuja kumwangalia Muha akicheza. Luhende aliendelea kuimba, lakini sauti ilikatika. Pale pale. Akapuliza filimbi badala yake, na filimbi ile ndiyo ishara ya kurusha.

Mistari ikatazamana. Majembe ya wenzetu yakapaa, yakazunguka, yakadakwa. Zamu ikaja kwetu. Nilimtazama Chenge, naye ananitazama, na mikono yake ameitanguliza kabisa, hata kabla sijarusha, kama mtu anayepokea mtoto. Nyuma yake, pembeni, mama yake alikuwa amesimama na kanga mdomoni.

Mkono wangu haukuwepo. Niliuona umeshika mpini, lakini sikuwa na habari nao. Nikajua nikirusha tu limeanguka.

Sikurusha.

Nililiteremsha jembe chini. Nikalishika kwa mkono wa kushoto peke yake, na wa kulia nikauacha uning'inie, nikaanza kulima ardhi ya uwanja kweli kweli, vibaya, kama mzee mlevi, jembe linaruka kando, mimi naruka nalo. Sikupanga. Nilitaka tu kufanya kitu chochote ambacho si kurusha. Luhende alinikodolea macho. Wapiga ngoma wakayumba.

Chenge ndiye aliyeokoa. Alitoka kwenye mstari kwa hatua za nyapara wetu, tumbo mbele, mikono nyuma, tunamjua wote. Akaja mpaka kwangu akapaza sauti:

"Wewe Muha! Mshahara unautaka, kulima hutaki?"

"Nalima, bosi!"

"Kwa mkono mmoja? Mwingine uko wapi?"

"Haupo, bosi!"

"Umeuacha wapi?"

"Kwenye mashine yako!"

Wenzangu wa machimboni waliangua kicheko ambacho sijawahi kukisikia kwao. Mpiga ngoma mkubwa akaelewa, akapiga taratibu, dum, dum, kama mashine inayokataa kuwaka, na mimi nikautetemesha mwili wote kama nimeishika. Nikaigiza mtu anayemshika mkewe mkono na hajui kama ameshika mke au mwiko. Mastura akapiga kelele, "Hiyo kweli!" Watu wa nyuma ya Wagalu wakageuka kuona kinachochekesha. Wakaanza kurudi.

Mayu Tereza akaanzisha wimbo pale pale, kwa Kisukuma. Maana yake ni hii: Mkono wa Muha umebaki mashineni, nani atauleta nyumbani. Wanawake wakaitikia.

Ndipo lilipotokea jambo ambalo nalifikiria mpaka sasa. Masalu, anayefanya mashine ya pili, mtu asiyesema hata salamu, aliingia kati ya mistari akicheza. Akainua mkono wake wa kulia juu. Vidole vimepauka vyote. Akaingia mwingine, akainua wake. Halafu mwingine. Walikuja wote wa mashine, wanazunguka na ngoma, mikono juu, vidole vya majivu, wanaimba kwamba imebaki mashineni. Wote walikuwa hivyo. Wote walikuwa wanaficha, kila mmoja peke yake, wasinyang'anywe mashine. Nikakumbuka vile vikombe.

Luhende alikuwa ameshusha filimbi. Alipita kwa mmoja mmoja, akishika vidole vyao, akivibonyeza kama nesi. Masalu hakuwahi kupewa mkono na Chenge, hawasemeshani. Wa pili ni Mjita, wa tatu ni wa Sengerema, alikuja majuzi tu kutoka machimbo mengine. Mzee alifika mwisho wa mstari akasimama. Mayu Tereza akamwambia kwa sauti, watu wakisikia:

"Basi Machibya ana kazi nyingi, baba. Kawaroga na wasiocheza."

Watu walicheka, na Luhende mwenyewe kicheko kilimtoka. Akamwendea Chenge. Hakuomba radhi, manju haombi radhi uwanjani. Alimnyooshea mkono mbele ya Wagika na Wagalu na chatu wao, na Chenge akaupokea kwa mikono miwili. Mama yake akapiga kigelegele kimoja kirefu, akakaa chini kwenye vumbi.

Tulishindwa. Nakuambia ukweli. Machibya aliona watu wanaondoka akajivika yule chatu shingoni, akapanda mabegani mwa mtu, na uwanja wote ukarudi kwake. Mwishoni tulibaki na Mastura na watu wa mawe. Lakini jembe halikuanguka. Halikurushwa, basi halikuanguka, na hukumu ilikuwa juu ya kuanguka. Hilo hata Luhende hakulibishia.

Jumanne 13 Agosti

Wa mashine wamekwenda pamoja kwa nyapara asubuhi. Sijui kitatokea nini. Amesema atapeleka maneno juu. Kwa sasa mashine zimekaa kimya, na tunasikia ndege ambao sikujua kama wapo pale.

Luhende alinipitia jioni. Ameniambia watamchagua manju mwingine, kijana wa Bujora. Yeye atabaki kupiga filimbi. "Filimbi haina umri," akasema. Kisha akaniuliza, kama mtu asiyejali, kama yule nesi anaangalia na koo.

Alhamisi 15 Agosti

Dorcas, nimerudi kwa nesi. Amesema nikikaa mbali na mashine vidole vinaweza kupata nafuu, lakini si vyote, na si upesi. Kwa hiyo nakuambia sasa kabla hujaniona, usije ukashtuka: msimu huu wa kulima sitaweza kushika jembe kama zamani. Nilikuwa naogopa kukuandikia mstari huu kuliko nilivyoogopa Jumapili.

Nimemweleza Chenge. Amesema mvua za kwanza zikianza, baada ya kumlimia mama yake, atapanda basi aje Kasulu na jembe lake. Nikamwambia ni mbali, na kule hakuna Mgika hata mmoja. Akasema, "Wewe si upo?" Sijui kama atakuja. Wanaume husema mengi wakiagana. Lakini wimbo wa Mayu Tereza nimeukariri, na ukiuitikia wewe, na dada zako wakiuitikia, na jirani akiazima debe la kupiga, shamba letu si kubwa.

Daftari hili nalituma kesho kwa basi, likutangulie. Naondoka Kisesa Jumamosi, tarehe ishirini na nne, basi la alfajiri. Nitakuwa Kasulu usiku huo, au Jumapili asubuhi likiharibika njiani. Usije stendi na watu. Njoo peke yako. Nikikupa mkono wa kushoto usione nimekudharau. Ndio utakaojua kwamba nimeshika wa kwako.